Ulinipa au Uliniazima?

Mkoba ulikuwa wa ngozi, rangi ya kahawia, una bizimu ya dhahabu ubavuni, na niliutambua kabla sijamtambua aliyeubeba. Tulikuwa harusini Unguja, mtaa wa Kikwajuni, usiku wa wanawake watupu, moshi wa udi umechanganyika na jasho na marashi. Akaingia jirani wa shangazi yangu, kapendeza kwelikweli, na mkononi kaning'iniza mkoba wangu. Yaani ule niliomnunulia shangazi Portsmouth kwa pauni 120, baada ya kusimama dukani nusu saa nikijiuliza angependa kahawia au mweusi.

Sikusema kitu pale. Lakini wanaonijua wanajua uso wangu hauna siri. Mama alikuwa kakaa pembeni, akanifinya paja.

Tuliporudi nyumbani nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, ule mkoba niliokuletea mwaka jana uko wapi?"

"Nimempa jirani." Hivyo tu, kama mtu anayesema nimefunga dirisha.

"Lakini mimi nilikuletea wewe."

Akaacha kuvua bangili, akanitazama. "Ulinipa au uliniazima?"

Nikaenda kulala bila kujibu. Jibu lenyewe sikuwa nalo.

Sasa, ninyi mnaosoma hapa hamhitaji nieleze zawadi za safari ni kitu gani. Kila mmoja wetu anaijua ile wiki ya mwisho. Masanduku mawili yamelala wazi sebuleni, kilo 23 kila moja. Mama kapanda mizani ya bafuni amelikumbatia sanduku kama mtoto mchanga, halafu anashuka, anajipima peke yake, anatoa hesabu, anasema kilo mbili zimezidi, toa shampuu. Kuna orodha ya majina nyuma ya bahasha. Kuna ugomvi kuhusu nani amesahauliwa. Na kila mwaka kuna mtu ambaye hatumjui vizuri, mke wa binamu wa nani sijui, anayepata kile chupa cha losheni kilichobaki.

Shangazi hakuwahi kupata losheni iliyobaki. Ni dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemtia chuoni na skuli. Tangu nianze kazi, miaka tisa sasa, kila nikienda nampelekea kitu cha maana, na cha maana kwangu kilikuwa cha bei. Manukato. Saa ya mkono. Blanketi la manyoya (Zanzibar, ndiyo, najua, msinicheke). Nilikuwa nachagua vitu ambavyo mtu akiingia sebuleni kwake angeviona na kuuliza, hivi umetoa wapi? Na yeye angejibu, kaniletea mwanangu wa Ulaya. Nikisema ukweli wote, zawadi zile nilimpa yeye ili zinitaje mimi.

Si kwamba sikumuuliza. Kila mwaka nilimpigia: "Shangazi, nikuletee nini?" Na kila mwaka alijibu lile jibu mnalolijua: "Njoo wewe tu, mwanangu, uje salama." Mimi nilichukulia hiyo kuwa ruhusa ya kubahatisha.

Asubuhi baada ya harusi alinikuta jikoni nimenuna. Akanimiminia chai, akanikatia mkate wa ufuta, akakaa kwenye kibao chake cha chini. Halafu akaanza kunihesabia, polepole, bila hasira.

Manukato ya mwaka wa kwanza alipewa nesi aliyekuwa akija nyumbani kumdunga Bibi sindano bila kuchukua hata senti. Blanketi liko Makunduchi, kwa mwanamke anayempelekea mihogo kila msimu, na huko usiku wa kipupwe lina kazi. Chokoleti, zile zilizofika zimeyeyuka na kugandana, walikula watoto wa chuo siku mmoja wao alipohitimisha. Saa ya mkono anayo kijana aliyepanda kuziba paa katikati ya masika. Na mkoba? Jirani ndiye aliyelala naye hospitali siku tatu, chini, juu ya mkeka, presha ilipompanda. Sisi tulipata habari alipokwisha kutoka. Baba alituma pesa siku hiyohiyo.

"Pesa nilinunulia dawa, Mungu ampe kheri," alisema. "Lakini jirani humpi pesa. Ukimpa pesa umemlipa, na ukimlipa umemtukana. Mimi hapa nina nini cha kumpa? Nilikuwa na mkoba."

Nilibaki natazama chai. Nilielewa, na bado iliniuma kidogo. Sitajifanya mtakatifu. Pauni 120 ni pauni 120, na ile nusu saa dukani nilikuwa namfikiria yeye, siyo jirani yake. Lakini mtu huwezi kumlaumu mwenzio kwa kutumia kitu ulichompa, na yeye alikuwa amekitumia kuliko mtu yeyote ninayemjua anavyotumia mkoba.

Tukiwa bado tumekaa, akaingia mjukuu wake, wa miaka minane, keshavaa nguo za skuli. Hakusalimu vizuri, alikuwa na haraka. Akaenda dirishani, akafungua kijaluba, akatoa sindano sita. Akazitia uzi moja moja, nyeupe tatu, nyeusi tatu, akazichomeka kwenye kimto kidogo, zimepangana kama askari. Akabusu mkono wa bibi yake, akatoka mbio.

"Anafanya nini huyu?"

"Ndiye macho yangu," shangazi alisema. "Ananitilia kabla hajaenda. Zikiisha sita, kazi imekwisha mpaka arudi."

Mimi ni mpima macho.

Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, nikafanya mwaka mzima wa mazoezi chini ya usimamizi, na tangu hapo nimekaa katika chumba chenye giza, watu wananyoosha mkono mbele yangu wakijaribu kusoma simu. Ni jambo la kawaida kuliko yote tunayoyaona. Mtu akishapita miaka 40 na kitu, lenzi iliyomo ndani ya jicho inaanza kukakamaa, haijipindi tena vizuri kutazama karibu. Humpata kila mtu, hata mwenye macho ya tai. Tiba yake ya kawaida ni miwani. Na swali la mwanzo ninalomuuliza kila anayekaa kwenye kiti changu ni hili: macho yako unayafanyia kazi gani, na kwa umbali gani? Maana anayesoma gazeti anashika karatasi sentimita 40 hivi, anayetazama kompyuta yuko mbali zaidi, na anayeshona huisogeza nguo karibu kabisa. Namba ya mmoja haimfai mwingine.

Nimewauliza swali hilo maelfu ya watu nisiowajua hata majina. Shangazi yangu nilimpelekea manukato.

Hapa lazima niwaambie kuhusu kofia, kwa sababu bila kofia hamtaelewa kwa nini nilitoka pale jikoni nikaenda kusimama uani.

Shangazi alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile kofia nyeupe za kushonwa kwa mkono zinazovaliwa na kanzu. Wenzetu wa Muscat wanazo za namna yake, wao huziita kumma. Kiua ni kile kitundu kidogo: unatoboa kitambaa, unakizungushia uzi mpaka kinakaza, unakwenda cha pili. Kofia moja ina viua mamia, vimepangwa kwa nakshi, duara la juu na mzunguko wa pembeni. Mshonaji mzuri akishona jioni jioni baada ya kazi za nyumbani, kofia inaweza kumchukua miezi. Kila mwaka kabla ya Idi, mtu anayesafiri alituletea Portsmouth kifurushi: halua ya Wete, achari ya embe, udi wa Mama, na kofia mpya ya Baba imefungwa kwenye gazeti. Baba alikuwa anaivaa asubuhi ya Idi, anajitazama kwenye kioo cha ukumbini, anasema, "Dada yangu bado ananipenda." Tukacheka, kila mwaka, mzaha uleule.

Miaka sita iliyopita kofia haikuja. Halua ilikuja, achari ilikuja. Baba alikung'uta gazeti mpaka mwisho. Mwaka uliofuata pia haikuja. Mzaha ukakoma.

Mama alisema wifi yake amechoka, ana haki. Baba hakusema kitu, lakini mimi najua alichofikiri, kwa sababu usiku mmoja alinitamkia ndani ya gari. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bibi alifariki. Maiti hasubiri, alizikwa alasiri ileile, na Baba aliyekuwa Uingereza asingeweza kufika hata angepata ndege saa hiyohiyo. Hilo hakuna aliyemlaumu. Lakini hakwenda arubaini pia. Alikuwa ndiyo kaanza kazi mpya, aliogopa kuomba ruhusa, akatuma pesa ya khitma. "Dada hakunambia neno," alisema, mikono yote miwili kwenye usukani na gari limesimama. "Ila amenivua kofia."

Miaka yote hiyo alibeba neno hilo. Alimpigia dada yake kila Ijumaa, wakaulizana hali, bei ya mchele, mvua. Hakumuuliza. Na yeye hakusema, maana nani ampigie mdogo wake Ulaya kumwambia sioni tundu la sindano? Angeona ni kuomba.

Basi niliporudi kutoka uani nikamuuliza mimi. "Shangazi, kofia za Baba uliacha kwa sababu gani?"

Akashangaa. "Si macho? Kiua kinataka kukiona. Hizi sindano sita ni za vifungo tu, na pindo. Nilishona moja mwaka ule, ikatoka imekwenda mrama, nikaona haya kuituma. Nikasema bora asipate kuliko avae hiyo mbele za watu."

Sikumpima mwenyewe. Sina kibali cha kazi kule, na shangazi asingenichukulia kwa uzito hata kidogo. Kwake mimi bado ni yule mtoto aliyetapika ndani ya gari la shamba mwaka 1996. Tulikwenda kliniki ya macho mjini, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akapimwa vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza jicho la kushoto, bado mdogo, wa kuangaliwa tu. Macho yake mawili yalitaka namba tofauti, ndiyo maana miwani ya tayari aliyowahi kununua Darajani ilimtia kichwa kuuma akaitupa. Ile huwa na namba moja pande zote mbili. Kwa wengi inafaa. Yeye haikumfaa.

Jioni nikamkalisha kwenye kibao chake, nikampa sindano na kitambaa, nikamwambia ashike kama anavyoshika akishona kofia, afumbe macho kama anataka, mikono ikumbuke yenyewe. Nikavuta uzi kutoka pembeni ya jicho mpaka kwenye sindano, nikafunga fundo. Sentimita 33. Ule uzi niliurudisha Uingereza ndani ya pochi yangu, nyuma ya kadi ya benki.

Fremu tulichagua kwa picha za WhatsApp. Nilimtumia tatu, mbili za heshima na ya tatu ya mzaha, kubwa, ya zambarau. Mnajua alichagua ipi. Nikamuuliza, una hakika? Akanijibu kwa sauti, kama kawaida yake: "Ya zambarau. Nikiipoteza ionekane." Shangazi alikuwa hatumi ujumbe wa maandishi, ni sauti tu, dakika nne, dakika saba, na majogoo nyuma. Siku zote nilidhani anapenda kuzungumza.

Miwani ilipelekwa na kijana wa Milton Keynes aliyekuwa anakwenda kuoa. Kwa kuwa kijana alikuwa mkarimu na sanduku lake lilikuwa na nafasi, nilijaribu na jambo la pili. Safari hii sikumuuliza shangazi nikuletee nini. Nilimuuliza, "Mwaka huu nani amekufaa?"

Likaja jibu la dakika kumi. Watu 11, kila mmoja na sababu yake. Mtoto wa jirani aliyembebea maji wiki nzima pampu ilipoharibika, naye ni mvuvi, anatoka usiku. Fundi cherehani anayempa vipande vya kitambaa bure. Yule nesi tena. Mwalimu wa chuo wa mjukuu. Nilikaa na majina hayo siku mbili na, wallahi, sijawahi kufurahia kununua vitu vya bei ndogo kama siku hizo. Tochi ya kuvaa kichwani kwa mvuvi. Mkasi mzito wa kukatia nguo kwa fundi. Vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya ule mkoba. Vyote vilikwenda bila jina langu, vimeandikwa jina la shangazi, agawe mwenyewe kwa mkono wake.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Jirani nilimtumia birika la umeme, zuri, la kioo. Nimeambiwa limewekwa kabatini kama pambo, kwa sababu umeme wa TUKUZA unakimbia kama maji na jiko la mkaa lipo. Kumbe ningeuliza swali moja zaidi. Nikajifariji kwamba ana mkoba.

Na mkoba nao una habari. Mama amenieleza kwamba jirani alipokwenda kumposea mwanawe, huyohuyo mvuvi, aliubeba mkoba ule, na mama wa msichana akausifia. Nimeomba nisiambiwe zaidi.

Miwani ilipofika sikupata picha wala shukrani kwa siku tano. Nikaanza kuwaza namba imekosewa, au kijana ameikalia ndani ya ndege. Siku ya sita ikaja sauti, fupi kuliko zote, sekunde 20. "Nimeanza. Nimeona mpaka uchafu wa kona zangu, astaghfirullah, nimepiga deki siku mbili. Sasa nimeanza."

Nikamuuliza, ya Baba?

"Baba yako asubiri. Ya kwanza ni ya mtoto wa jirani, anaoa. Mama yake kanilalia hospitali. Ya pili ndiyo ya baba yako. Mwambie apime kichwa, sijui kama kimeota huko."

Nilimpelekea Baba simu jikoni, nikaiweka mezani, nikabonyeza. Alisikiliza amesimama, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Iliposema asubiri, akainama kidogo karibu na simu, kama mtu asiyesikia vizuri. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Kumbe macho," alisema.

Nilikuwa nimeshamweleza habari ya macho tangu niliporudi, mara mbili. Sikumkumbusha.

Akaenda droo ya Mama ya vifaa vya kushonea, akatoa utepe, akajizungushia kichwani palepale, mbele ya friji, na mimi nikamshikia mwisho kwa nyuma. Kapungua nywele, utepe ulikuwa unateleza. Nikasoma 57. Nikamwandikia shangazi: Baba anasema 57.

Simu ikatetemeka dakika ileile. Haikuwa sauti. Yalikuwa maandishi, ya kwanza kabisa kutoka kwake, bila nukta wala herufi kubwa.

"58 kichwa chake nakijua"